Daraja limefunguliwa, barabara ya kivuko imeachwa: ukanda wake ni wa nani?

*"Shikamoo mzee wetu. Familia yetu ina eneo upande wa Kigongo, kando ya barabara ya lami iliyokuwa ikishuka kivukoni. Marehemu baba aliletwa hapo wakati wa Operesheni Vijiji, akajenga nyumba, na baadaye akaongeza banda la chakula ambamo madereva wa malori walikuwa wakila huku wakisubiri kuvuka. Banda limepigwa X nyekundu na kona ya nyumba imepigwa X ya kijani; ni miaka mingi sasa na hakuna aliyerudi kutuambia lolote. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, magari hayashuki tena huku kwetu. Dalali mmoja anasema barabara hii imeshafutwa, kwamba ukanda wa mbele umerudi kwa wenye maeneo, na kwamba tukiwahi kujenga vyumba vya biashara hadi ukingoni mwa lami hakuna atakayetubomolea. Anataka tumpe fedha ili atutafutie karatasi. Mama hana amani na jambo hili. Je, ni kweli kwamba barabara ikiachwa ardhi yake inarudi? Na kwa nini tulipigwa X za rangi mbili katika kiwanja kimoja?"*

Marahaba, mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu. Nitaanza na jibu lenyewe kwa sababu fedha zenu ziko hatarini: msimpe dalali huyo chochote, na msijenge kitu mbele ya nyumba kwa kutegemea maneno yake. Barabara haifutwi kwa magari kuacha kupita, na hata siku ikifutwa kwa utaratibu wa sheria, ardhi yake hairudi yenyewe mikononi mwa jirani aliyepakana nayo. Wasiwasi wa mama una msingi. Hata hivyo hamko mikono mitupu, kwa maana ile X ya kijani inaweza kuwa na haki ndani yake ambayo pengine hakuna aliyewaeleza.

Ili mwelewe mlipo, inafaa kwanza kuijua barabara yenyewe. Kipande kilichopita mbele ya nyumba yenu hakikuwa njia ya kijiji. Kilikuwa sehemu ya barabara kuu inayozunguka ziwa upande wa Tanzania, ile iliyopewa namba T4, inayotoka Sirari kwenye mpaka wa Kenya, ikapita Musoma na Mwanza, kisha Geita, Biharamulo na Bukoba hadi Mutukula kwenye mpaka wa Uganda. Kutoka mjini Mwanza inapita Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara, ambako barabara ya Shinyanga inaachana na ya Geita. Ya Geita inashuka Kigongo na kukutana na maji ya Ghuba ya Mwanza, ule mkono mrefu wa ziwa unaoingia kusini na kuitenga Misungwi na Sengerema. Kuuzunguka mkono huo kwa nchi kavu ni safari ndefu, na ndiyo maana tangu zamani watu wa pande hizi walivuka kwa mitumbwi, kisha kwa vivuko.

Uzito wa njia hiyo uliongezeka kwa awamu. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ukawa mlango wa pamba ya Usukuma na wa mizigo ya ziwani, na kila kilicholimwa ng'ambo ya ghuba kikawa na sababu ya kuvuka. Kwa muda mrefu meli ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya safari kati ya Mwanza na Bukoba. Kisha mgodi mkubwa wa dhahabu ukafunguliwa Geita mwaka 2000, na Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Malori ya mafuta, ya saruji na ya vipuri, pamoja na mabasi ya Kagera, yote yakapanga foleni Kigongo. Foleni hiyo ndiyo iliyomlisha baba yenu. Abiria walishuka kunyoosha miguu, wachuuzi wakapita madirishani na sato wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na maji ya chupa, na dereva aliyekosa nafasi katika MV Misungwi au MV Mwanza alijua ana muda wa kutosha kuagiza ugali. Nasema haya kwa sababu watu wengi wanaolisifia daraja, nami ni mmoja wao, husahau kwamba kungoja kulikuwa riziki ya watu.

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Desemba 2019 na Rais John Magufuli, kazi ikaanza mwaka 2020, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua kwa jina la Daraja la J.P. Magufuli. Lina urefu wa takriban kilomita 3, upana wa zaidi ya mita 28, na barabara unganishi za takriban kilomita 1.66 kwa pande zote mbili. Hizo barabara unganishi ndizo zilizowagusa ninyi. Daraja haliwezi kuanza pale kivuko kilipotia nanga, kwa sababu barabara inayopanda darajani inahitaji mwinuko wa taratibu na mkunjo mpana, ilhali barabara ya kivuko ilijengwa ishuke hadi usawa wa maji. Mstari mpya ukapita pembeni, na kipande cha mwisho cha mstari wa zamani kikabaki bila kazi yake ya awali.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo matatu ambayo kila moja lina njia yake. La kwanza ni magari kuhama. Hilo hutokea siku moja, kila mtu hulishuhudia, na kisheria halibadilishi chochote. La pili ni matengenezo kupungua, yaani mitaro haizibuliwi, majani hayafyekwi, viraka havizibwi. Hili huonekana baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua na huwafanya watu waamini kwamba Serikali imeondoka. La tatu ni hadhi ya barabara kubadilishwa, nalo ndilo pekee lenye nguvu ya sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara katika barabara za kitaifa, ambazo ni barabara kuu na za mikoa, na barabara za wilaya. Za kitaifa zinasimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya, tangu mwaka 2017, zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kuipandisha barabara daraja au kuishusha ni uamuzi wa Waziri mwenye dhamana, na uamuzi wa namna hiyo huacha maandishi. Kama hakuna maandishi, kipande hicho kinaendelea kuwa kile kilichokuwa, hata kama mbuzi ndio wanaolala juu ya lami yake.

Jambo hili si geni kwetu. Ilipojengwa barabara ya mchepuo ya Kisesa–Usagara, malori yanayotoka Musoma kwenda Shinyanga yalipata njia ya kulikwepa Jiji la Mwanza. Barabara za Nyerere na Kenyatta za jijini humo hazikuacha kuwa barabara kwa sababu hiyo, wala waliopakana nazo hawakuongezewa hata hatua moja ya ardhi.

Unaweza kuuliza, Serikali ina haja gani na kipande kisichokwenda popote? Tembea juu yake asubuhi moja ukikitazama kwa makini. Pembeni mwake mara nyingi hupita nguzo za umeme, mabomba ya maji na nyaya za mawasiliano, ambazo zilifuata barabara kwa sababu ardhi ile ilikuwa tayari mikononi mwa umma. Chini yake yapo makalvati yanayopitisha maji ya mlimani kwenda ziwani, na mtu akijenga juu ya mdomo wa kalvati, maji ya masika yatatafuta njia nyingine, pengine kupitia sebuleni kwa jirani. Mwisho wake upo ufukwe ambao wavuvi na wenye mitumbwi wanauhitaji, na ambao unaweza kuhitajika pia siku ambayo daraja litafungwa kwa ajali au matengenezo makubwa. Sababu hizo zinatosha kwa Serikali kutoharakisha kuutoa ukanda huo, na nadhani iko sahihi.

Utaona pia lami yenyewe inachakaa haraka kuliko ulivyotarajia, na majirani watakwambia huo ni ushahidi kwamba barabara imekufa. Maelezo yake ni ya kawaida. Lami hukauka na kuwa ngumu kwa jua na hewa, na matairi yanayopita kila siku kwa kiasi fulani huikandamiza na kuibana isipasuke mapema. Magari yakiondoka, nyufa nyembamba hujitokeza, majani huota ndani yake, maji hupenya hadi kwenye tabaka la kokoto, na ukingo huanza kumeguka vipande vidogo vyeusi ambavyo watoto huviokota. Uchakavu huo unaonyesha ukosefu wa matengenezo na hauelezi hadhi ya barabara.

Sasa nije kwenye X zenu, kwa kuwa hapo ndipo penye haki ya kupoteza au ya kuokoa. Sheria ya zamani ya barabara kuu, iliyotungwa mwaka 1932 wakati wa Waingereza na kutumika miongo mingi baada ya Uhuru, pamoja na kanuni zake, iliipa barabara kuu hifadhi, yaani ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 45, ambazo ni mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaipanua hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande. Tofauti ni mita 7.5 kwa kila upande, na mita hizo ndizo zilizozaa rangi mbili. Aliyekutwa ndani ya zile mita 22.5 za zamani alihesabiwa kuwa amevamia hifadhi, akapigwa X nyekundu inayomaanisha aondoke bila fidia. Aliyekutwa kati ya mita 22.5 na 30 alihesabiwa kuwa hakuvamia, kwa kuwa alikuwepo kihalali kabla mpaka haujasogezwa, akapigwa X ya kijani inayomaanisha kwamba eneo hilo likihitajika kwa ajili ya barabara atalipwa kwanza. Kwa hiyo banda lenu liko ndani ya ukanda wa zamani na kona ya nyumba imeingia katika ukanda ulioongezwa. Mnaweza kuhakikisha wenyewe kwa futi kamba. Anzeni kupima katikati ya barabara ya zamani, wala si ukingoni mwa lami, maana kosa la kupimia ukingoni ndilo linalowaponza wengi.

Kuhusu Operesheni Vijiji nakuomba usome polepole. Katika miaka ya 1970, hasa kati ya 1974 na 1976, familia nyingi za Usukuma zilitolewa katika makazi yaliyotawanyika na kupangwa katika vijiji, na vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili shule, zahanati na maji vifikike. Watu hao hawakujichagulia kukaa barabarani. Walionyeshwa mahali na viongozi wakaambiwa jengeni hapa. Miongo mitatu baadaye watoto wao wakaja kuitwa wavamizi, na nimeona wazee wakilia kwa neno hilo. Siwezi kukuahidi kwamba hoja hiyo itashinda kwenu, kwa sababu mara nyingi upande wa Serikali hujibu kwamba hifadhi ilikuwepo kisheria tangu kabla ya kijiji, na ukweli wa kila eneo hutegemea lini barabara ilitambuliwa na wapi hasa mstari wake ulipita. Lakini ni hoja halali ya kusikilizwa, na inahitaji ushahidi: orodha ya kaya za kijiji, risiti za kodi, kadi za zamani, na wazee walio hai ambao waliona ugawaji. Wazee hao waandikwe maelezo yao mapema, wangali na kumbukumbu.

Tuseme basi kwamba siku moja kipande hicho kitaondolewa kweli katika barabara kuu. Nini kitafuata? Linalowezekana zaidi, kwa maoni yangu, ni kukabidhiwa TARURA kama barabara ya wilaya ya kufikia ufukweni, na hapo hifadhi yake inaweza kuwa nyembamba kuliko ya sasa. Hilo lingekuwa nafuu kubwa kwenu, kwa kuwa kona ya nyumba ingeweza kutoka nje ya mpaka. Lakini hata ikiachwa kabisa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya barabara katika kundi la ardhi ya hifadhi, lililo tofauti na ardhi ya kijiji. Kuihamisha kutoka kundi moja kwenda jingine kunahitaji uamuzi wa ngazi ya Rais au aliyekasimiwa madaraka yake, na tangazo katika Gazeti la Serikali. Baada ya hapo ndipo halmashauri ya kijiji ingekuwa na mamlaka ya kuigawa, na inaweza kuamua kuifanya soko, mwalo wa kushushia samaki au uwanja badala ya kumpa mtu mmoja. Karatasi yoyote ya leo yenye muhuri wa kitongoji au kijiji inayogawa ukanda huo haina mizizi, maana kijiji hakiwezi kutoa kisichokuwa chake.

Kuna kizuizi kingine ambacho dalali hatakitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Barabara hata ikifutwa yote, sehemu ya chini iliyo karibu na maji itaendelea kubanwa na sheria hiyo. Ziwa lenyewe nalo lina kumbukumbu yake. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifikia kiwango kilichovuka kidogo kile cha Mei 1964, na mwaka 2024 yakapanda zaidi tena, yakaingia kwenye mialo, mashamba na nyumba za watu waliodhani ufukwe ni pale walipouzoea.

Mfanye nini basi? Ningekuwa mimi, ningeacha banda kama lilivyo bila kuliongeza wala kulibadilisha kuwa la kudumu, na ningeandika barua kwa Meneja wa TANROADS Mkoa wa Mwanza nikiuliza mambo mawili tu: hadhi ya sasa ya kipande hicho cha barabara, na mpaka halisi wa hifadhi katika eneo letu. Barua ipokelewe kwa muhuri kwenye nakala yenu. Jibu linaweza kuchukua muda, na kusubiri kunaumiza mtu ambaye biashara yake imekwisha kwa siku moja, lakini jibu hilo la maandishi lina thamani kuliko ahadi kumi za mdomo. Kama mnahitaji kipato sasa, matumizi mepesi ya muda, mfano kitalu cha miche au meza ya kuuzia inayohamishika, huombewa kibali katika ofisi hiyohiyo, mkikubali kwamba siku mtakapoambiwa ondoeni mtaondoa kwa gharama zenu. Kuhamia karibu na barabara mpya ya darajani ni wazo zuri kibiashara, ila fahamuni kwamba magari pale yanapita bila kusimama kama zamani, na kwamba hifadhi ya mita 30 ipo huko pia. Msinunue kiwanja kule kabla ya kukipima.

Kuhusu kona yenye X ya kijani, msiivunje wenyewe. Eneo hilo likihitajika, mnastahili kutathminiwa na mthamini aliyesajiliwa, na fidia inapaswa kuzingatia thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na faida ya biashara iliyopotea. Likiwa halihitajiki tena kwa kuwa barabara imehama, mnaweza kuomba kwa maandishi kwamba alama hiyo iondolewe katika kumbukumbu, ili siku moja nyumba iweze kurasimishwa au kuwekwa dhamana bila kikwazo.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya. Mpaka wa hifadhi hauwezi kusomwa kutoka mbali, hivyo mtafuteni mpima ardhi mwenye leseni aje na kifaa chake, aonyeshe vigingi na kuweka vipimo kwenye ramani. Nendeni pia kwa Afisa Ardhi wa Halmashauri ya Wilaya ya Misungwi mkiwa na nyaraka zote za marehemu baba, pamoja na za mirathi, kwa sababu hakuna ofisi itakayozungumza fidia na familia ambayo haina msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Wengi hukwama hapo. Mkipewa notisi ya kubomoa, msikae nayo ndani hata wiki moja. Ipelekeni kwa wakili au shirika la msaada wa kisheria, kwa sababu kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na siku za notisi ya kubomoa huwa chache kuliko hizo, hivyo wakili atahitaji muda wa kuomba zuio mahakamani.

Na dalali akirudi, mwambieni alete namba na tarehe ya tangazo la Gazeti la Serikali lililoifuta barabara hiyo. Akileta, lipelekeni kwa Afisa Ardhi huyo na kwa TANROADS wathibitishe kabla hamjatoa hata shilingi moja. Akishindwa, muulizeni ni familia gani nyingine hapo Kigongo zimeshamlipa, nanyi mziambie mapema.